Dirisha Nililolishusha kwa Mama Mwajuma

Siku niliyoanza kazi ya kuchora plani, yaani ramani za nyumba, rangi nyekundu ilikuwa bado chini ya kucha zangu. Kabla ya hapo nilikuwa mchoraji wa kuta za maduka hapa Kindu: herufi, mizani, magunia ya mchele, mara nyingine mnyama. Mkubwa wa ofisi, ambaye sote tulimwita Chef de bureau, alinitazama mikono kwanza, uso baadaye.

"Wewe njo ulichora simba kwa duka ya karibu na gare ya treni?"

"Ndiyo, Chef. Lakini ilikuwa paka."

"Paka?"

"Mwenye duka aliomba paka, sababu ya panya."

Akafikiri kidogo. "Mistari iko sawa. Munyama njo hayuko sawa. Hapa hatuchoragi wanyama. Kaa kwa ile meza."

Ndivyo nilivyoingia. Ninaandika haya kwa kuwa wanafunzi wa ujenzi wameniomba niwaeleze jinsi kazi ilivyofanywa wakati wa Zaïre. Shule mimi niliiacha mwaka wa pili wa sekondari, na madaftari yangu ya zamani yana makosa mengi. Pale nisipokuwa na uhakika nitasema.

Tulichora kwa wino juu ya calque, karatasi inayopenyesha mwanga, ili plani iweze kunakiliwa. Kosa dogo ulilikwangua kwa wembe, polepole, kama mtu anayemnyoa mgonjwa. Kosa kubwa lilitaka karatasi mpya na maneno ya Chef. Enzi zile kila mtu aliitwa Citoyen, yaani raia, maana Monsieur ilikuwa imekatazwa, lakini Chef alibaki Chef. Alikuwa mkali wa vipimo na mpole wa mambo mengine yote. Mke wangu alipojifungua alinipa siku nne, akasema mbili ni za mtoto na mbili ni za mimi kulala.

Kazi yetu kubwa ilikuwa nyumba za kupumzikia kando ya mto Lualaba. Wafanyabiashara walizipenda: baraza pana, paa lililoshuka kama kofia, upepo uingie upande huu utokee upande ule. Na kwa kuwa nilikuwa na mkono wa rangi, kila nyumba ilipomalizika nilipewa ukuta mmoja wa sebule niupambe. Watu walitaka mapambo ya kwetu, si picha za theluji kutoka kalenda.

Jambo moja lilinisumbua tangu mwanzo. Ukuta ulio chini ya dirisha, kutoka sakafuni hadi pale dirisha linapoanzia, sisi tunauita allège. Kwa Chef, allège ilikuwa mita moja, nyumba yoyote, chumba chochote. Nikamuuliza sababu.

"Sababu njo mita moja," akasema.

Nikaanza kuzunguka siku za Jumapili na mita ya kitambaa ya kupimia mfukoni. Nilipiga hodi kwa jamaa na majirani, nikawaomba wakae kama wanavyokaa kila siku, nikapima kutoka sakafu hadi jicho. Wengine walikataa, walidhani napima sanduku la maiti. Lakini niliowapima walinionyesha kitu. Mtu wa hapa akipumzika hukaa chini: kiti kifupi, kigoda, mkeka. Ukimwekea dirisha la mita moja, mwenye kiti kifupi anapata mawingu na ncha za miti, na mwenye mkeka anapata mawingu peke yake. Tulikuwa tunawaahidi watu mto, tunawapa mbingu.

Basi alipokuja Bwana Ramazani, mnunuzi wa mchele wa Kailo, kutaka nyumba ukingoni, nilimkalisha kwenye kiti chake, nikapima jicho lake, nikashusha allège hadi sentimita arobaini na tano. Chef aliishika ile calque muda mrefu.

"Hii si dirisha, hii ni mulango wa mbuzi," akasema. Lakini akatia sahihi. "Ikiharibika, iko juu yako."

Nyumba ikajengwa. Ukuta unaotazamana na madirisha niliuchorea samaki watatu wakubwa, warefu kuliko mlango, kwa mkaa, udongo mwekundu na chokaa, bila magamba, mistari mitupu. Chef aliwatazama, akasema hawa kweli ni samaki. Nilifurahi kupita kiasi, nakiri.

Wiki chache baadaye Bwana Ramazani aliingia ofisini bila kusalimu.

"Fundi, leo sokoni muntu wa Lokandu, muntu simujui, ameniuliza: ule mukeka ya nyekundu, bibi yako amemaliza?"

Sikuelewa. Akanieleza polepole, kama unavyomweleza mtu mjinga, na nadhani alikuwa na haki. Yeye kutwa yuko kwenye mchele. Anayekaa katika ile sebule ni mke wake, Mama Mwajuma, mfumaji wa mikeka, mwanamke wa heshima zake, ambaye wanaume wa nje hawakuzoea kumtazama. Anakaa chini, anafuma. Na kila pirogi, yaani mtumbwi, iliyopita ilimwona kutoka kichwa hadi vidole vya miguu. Wavuvi walianza kumsalimu kwa jina, wengine kumuuliza leo anapika nini. Sasa amehamia kwenye korido, gizani, na kazi yake inaharibika. Nyumba nzima amejengewa, na hana mahali pa kukaa.

"Juma hii ikiisha, ninaziba yote kwa matofali," akasema Bwana Ramazani.

Alipotoka yeye, Chef hakunifokea. Alisema tu, "Ulipima jicho ya bwana. Jicho ya bibi haukupima." Kisha akaongeza kwamba Ramazani akiziba, meza yangu atapewa mwingine, maana ofisi haiwezi kuchora madirisha ya kuzibwa. Sikuona kama alinionea.

Kesho yake nilikwenda. Bwana Ramazani alinipa kiti barazani, na Mama Mwajuma akawa anazungumza nyuma ya mlango wa korido. Nilileta michoro mitatu: pazia, vibao vya kuinamisha, ukuta wa bustani. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza, mama."

"Munaulizana ninyi kwa ninyi, halafu munaleta jibu kwangu. Mimi nataka kuona. Sitaki kuonwa. Ni maneno mangapi hayo? Kwa nini inakuwa ngumu?"

Bwana Ramazani akacheka kidogo, akaacha. Mkono ukatokea mlangoni na kipande cha mkeka ambao haujakazwa, ukindu mwekundu na mweupe umepishana na kuacha matundu madogo ya mshazari.

"Shika karibu na macho. Unaona mume wangu?"

"Namwona, mama."

"Baba Mwajuma, wewe unamuona macho?"

"Hapana," akasema mumewe. "Naona mukeka iko na miguu ya suruali."

Nilibaki pale na mkeka usoni muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu. Nilitaka kujua kwa nini. Nikauweka mbali, nikauweka karibu, nikageuka upande wa jua. Jicho lililo karibu na tundu huona mengi. Jicho lililo mbali huona kizuizi. Na aliye kivulini humwona aliye juani, kinyume chake hapana. Labda mtu aliyesoma angelijua hili bila mkeka. Mimi sikulijua.

Mkeka ule ulinikumbusha matofali yenye matundu ambayo sisi tunayaita claustra. Niliporudi na mchoro, Chef alishtuka.

"Claustra ni ya choo. Ni ya magazini, ya kuweka magunia. Unataka kuweka bibi ya Ramazani ndani ya choo?"

"Si yale ya mraba, Chef. Nitatengeneza kalibu mpya ya mbao, matundu ya mshazari, kama ufumaji wake."

"Na kama wakimuona tena?"

"Twende tutazame wenyewe, kutoka mtoni."

Mwashi alimwaga matofali yale siku tatu, tukayapanga katika madirisha yote ya upande wa mto. Asubuhi ya mwisho wa juma tulipanda pirogi ya Mugenia mmoja, mtu wa kabila la wavuvi wa mto, aliyezoea kupita pale. Chef alivua viatu visiloane, akakaa sakafuni, viatu mkononi. Tulipofika mbele ya nyumba Mugenia aliacha kupiga kasia. Jua lilikuwa mgongoni mwetu, ukuta wote unawaka, na ndani ya matundu weusi mtupu. Chef alikunja macho, akainama huku na huku.

"Sioni muntu," akasema. "Labda hayuko."

"Karibuni," sauti ikatoka ukutani. "Chef, soksi yenu ya kushoto iko na tundu."

Mugenia alicheka hadi pirogi ikayumba. Chef akaficha mguu chini ya mwingine, kisha naye akacheka. Hapo tofali moja la chini likavutwa ndani, mkono ukatoka na bakuli, na Mugenia, kama mtu aliyekubaliana naye zamani, akasogeza pirogi hadi ukingoni, akashuka na kuweka samaki wawili. Tofali likarudi mahali pake.

"Hii haiko kwa plani," akasema Chef.

"Niliomba mwashi asitie simenti," sauti ikajibu. "Yeye aliniuliza nataka nini."

Bwana Ramazani hakuziba. Siku ile ile nilipoingia sebuleni kuchukua vipimo vya mwisho, yeye akiwa amenisindikiza, niliona jambo nisilolipanga. Jua la asubuhi lilipita katika claustra na kutupa kivuli chenye matundu juu ya samaki wangu watatu. Mama Mwajuma, sasa ameketi kwenye mkeka wake na mtandio kichwani, hakuinua uso.

"Wamenaswa," akasema. "Ulichora samaki bila nyavu. Jua imeleta."

Lazima niseme pia upungufu. Jioni taa ikiwashwa ndani, mambo hugeuka, na wa mtoni huona. Alitundika pazia saa zile. Sikupata dawa nyingine hadi leo.

Habari za ule ukuta zilienea, na wakubwa fulani walikuja kutoka Bukavu, makao makuu ya mkoa, kuutazama. Walisimama nje, kwenye majani ya ukingo, wakausifu. Mmoja akauliza wazo hili la kiasili limetoka kwa nani. Chef, nimpe haki yake, hakusema ni lake. Aliniwekea mkono begani: "Ni la dessinateur, mchoraji wetu." Wakanipa mkono mmoja mmoja. Nikashukuru. Baada ya hapo nilipandishwa cheo.

Nilihamishwa Kibombo, chini ya Ingénieur aliyependa shule ziwe nyeupe bila pambo. Alifuta claustra zangu zote, na kwa madarasa alikuwa sahihi, watoto wanahitaji mwanga. Nilifanya kazi Tunda, kisha Lokandu, nikarudi Kindu kwa Directeur kijana aliyenisikiliza kuliko nilivyostahili. Ule ufumaji wa Mama Mwajuma niliutumia katika nyumba nyingi. Kila mara chini ya mchoro, penye nafasi ya jina la aliyechora, niliandika langu.

Nilipostaafu, nchi bado ikiitwa Zaïre, nilikwenda kwake. Bwana Ramazani alikuwa ameshafariki. Mama Mwajuma alinipokea sebuleni, wajukuu wakiingia na kutoka, macho yake yamechoka lakini vidole vinajua njia. Nilimweleza kile nilichobeba miaka ile yote: kwamba siku ya wageni wa Bukavu nilichukua sifa yake, na kwamba yeye hakuwapo kuidai.

"Nilikuwapo," akasema. "Nilikuwa hapa hapa. Niliwaona wote. Mukubwa wao alikuwa anajikuna shingo. Wewe ulikuwa unatazama viatu vyako."

Katika watu wote, mimi niliyeuchora ule ukuta ndiye niliyesahau kwamba aliye ndani huona.

"Kwa nini hukusema kitu, mama?"

"Nilitaka kuona kama utasema wewe."

Akaendelea kufuma mstari mmoja hadi mwisho. Halafu akasogea kidogo, akapiga mkeka kwa kiganja pale palipobaki wazi upande wa mto, nami nikavua viatu, nikakaa.