Jina Lililofutika kwenye Mpira wa Nahodha

Siku yangu ya kwanza kazini, Daktari alinipa glavu nyeupe za pamba kabla hajanipa kiti. Nilikuwa nimepanda kutoka Soweto, mtaa wa Moshi mjini, hadi Machame, viatu vimejaa tope, nikidhani naajiriwa kufuta vumbi kwenye nyumba ya mzee wa Kijapani aliyestaafu udaktari akabaki kwetu. Akafungua kabati la kioo. Ndani mlikuwa na mipira midogo myeupe iliyoandikwa majina ya watu.

"Hii ni mipira ya besiboli," akasema. "Baba yangu alikuwa mkalimani wa timu za Amerika zilizovuka bahari kuja kucheza Japani. Wachezaji walimsainia. Karibu wote wamekufa. Ukiharibu, hakuna wa kumrudia."

Nilianza kuogopa hapo hapo.

Ninyi vijana mnaoniuliza kazi ile ilikuwaje, jueni kwanza kwamba mpira wa besiboli ni wa ngozi, umeshonwa kwa uzi mwekundu. Pale mishono inapokaribiana pana nafasi nyembamba, na kwa desturi aliachiwa kocha au nahodha. Wengine walijibana pembeni. Daktari aliendelea kukusanya kwa kuziandikia barua familia za wachezaji. Vifurushi vikifika posta, mimi nilivichukua, nikalinganisha saini mpya na tulizokuwa nazo, kisha nikaandika kila kitu kwenye daftari la makusanyo. Halafu kulinda. Jua hula wino, na jasho la vidole hugeuza ngozi kuwa njano. Lakini Machame adui hasa ni unyevu. Masika yakikolea, hata Biblia huota ukungu kabatini.

"Ukungu usiuguse kwa maji," Daktari alinionya. "Ukiuona, niite."

Mwaka wangu wa tatu, wakati wa masika, Daktari alilazwa hospitali wiki mbili. Nikaukuta mpira wa timu ya kwanza aliyoitafsiria baba yake umeota ukungu. Nikaogopa kwamba akirudi atasema nilizembea. Nikalowesha kitambaa, kidogo tu, nikapangusa. Ukungu ukatoka. Jina la nahodha nalo likatoka, likabaki kwenye kitambaa kama doa la bluu. Nahodha yule alifariki muda mfupi baada ya kurudi kwao, na saini yake nyingine hatukuwa nayo.

Nikaugeuza mpira, upande ule ukatazama ukuta. Kitambaa nikakichoma jikoni.

Kwa miezi kadhaa chakula hakikupita. Daktari akisimama mbele ya kabati, natafuta kazi jikoni. Kanisani sikusikia mahubiri. Kisha akaniambia kwa furaha kwamba mkaguzi wa saini anakuja kutoka kwao Japani, na ataanza na mpira wa nahodha.

Mpishi wetu, Elinaja, alinikuta nalia nyuma ya banda la ng'ombe. Nikamweleza.

"Dada, mwandiko wako ni mzuri," akasema. "Jina hilo umeliona miaka mitatu. Liandike. Nani atajua?"

Nikafanya mazoezi kwenye karatasi ya sukari mpaka likafanana. Asubuhi moja Daktari alipokwenda kihambani kuangalia kahawa yake chini ya migomba, nikautoa mpira, nikachovya kalamu. Kabla sijaigusa ngozi, tone likaanguka mezani, kando kabisa ya mpira. Nikalitazama lile tone. Nikaona kwamba nikifanikiwa, nitaogopa hivi hadi kufa. Nikaweka kalamu chini, nikamfuata migombani.

"Shikamoo, Daktari."

"Marahaba. Mbona umenifuata huku?"

"Jina la nahodha nimelifuta. Kwa maji."

Akashika mgomba kama anayetafuta pa kuegemea. "Lini?"

"Masika, ulipolazwa."

"Na umenyamaza mpaka kahawa imeiva?"

"Niliogopa."

"Nilikuona unakonda. Nilidhani unaumwa." Akanigeuzia mgongo, akaendelea na kahawa yake, nami nilikwenda kufungasha nguo zangu.

Siku ya tatu mkaguzi akafika, mama wa makamo, mpole. Aliutazama mpira kwanza dirishani, kisha akafunga pazia, akawasha tochi ndogo akiilaza ubavuni mwa ngozi. Akasema jambo kwa Kijapani. Daktari akaziba mdomo kwa kiganja.

"Njoo uone," akaniambia.

Jina lilikuwepo. Wino haukuwepo, lakini nahodha alikuwa ameikandamiza kalamu ya nibu, na mifereji yake ilikuwa bado ndani ya ngozi, herufi kwa herufi.

"Anasema," Daktari akatafsiri, "kama mtu angeandika juu yake, hata hili tungelipoteza."

Nilikaa sakafuni bila kukaribishwa.

"Kaandike kwenye daftari," akasema. "Andika na aliyefanya."

Nikaandika: *Jina la nahodha limefutwa kwa maji na mtunzaji, Aikande.*

Daktari alipofariki, makusanyo yalihamishiwa chumba kimoja cha shule mjini Moshi, nami nikayafuata hadi nilipostaafu mwaka jana. Hofu haikuniacha, hata sasa kikombe cha mgeni nakishika kwa mikono miwili. Siku yangu ya mwisho, Mkuu wa Shule, dada mdogo kuliko binti yangu, alikuwa anaingiza daftari kwenye kompyuta. Akafika pale, akasita.

"Mama, mstari huu tunaweza kuuruka. Wageni watakudharau bure."

Niliogopa kama siku ile migombani. Nikamwambia auchape kama ulivyo, na asikosee herufi za jina langu.