Piano Iliyozoea Kumngoja Binti

Saa mbili asubuhi, Mama Piano hatazami vidole vyake. Macho yake yako kwenye miguu ya binti yake, anayekatiza mbio ukumbi wa mazoezi, kisha anaruka. Piano inanyamaza kidogo. Binti anatua. Ndipo nota inayofuata inalia.

"Huko kunyamaza ndiko kazi yangu," ananiambia akijipangusa jasho. "Kupiga, nani hapigi?"

Analipigia kundi hili la dansi piano tangu alipokuwa akimbeba binti huyo mgongoni. Baleti wanayoifanyia mazoezi ni kongwe: binti wa mpiga kengele anaruka kutoka mnarani na kugeuka upepo. Zamani ilichezwa kwa magauni mapana. Mwaka huu wachezaji watavaa ovaroli, filamu yake inatengenezwa, na muziki umeundwa upya kwenye kompyuta na kijana wanayemwita Fundi Midundo.

Msidhani mama huyu anachukia mambo mapya. "Ule wimbo mtamu, jamani! Hata mimi kichwa kinatikisika," anasema, anacheka. "Ila wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni huyu kaja, mwenyeji kaugua."

Ilikuwa hivi. Kijana alimwita studio amrekodi, akamkaribisha chai, akamwomba apige baleti nzima. Kila alipofika penye mruko, mama alinyamaza na kuinua macho kutafuta miguu ya mchezaji. Mbele yake palikuwa na ukuta.

"Nikawa namngoja mtu asiyekuwepo! Kijana akadhani mama wa watu nimesahau. Akasema, 'Usijali mama, hapo ulipokwama nitapaondoa.' Nami, mjinga mimi, nikamshukuru."

Akapaondoa kweli. Muziki mpya hauna pengo hata moja, na binti ana goti bovu. Akiruka huchelewa kutua, si sana, kiasi cha kumeza mate. Miaka yote mama amekuwa akimsitiri kwa vidole vyake.

Jumanne walijaribu muziki wa kompyuta. Binti aliruka, mdundo ukamtangulia, akatua wenzake wameshageuka, akawavaa. Mwalimu wa dansi akampa hadi Ijumaa: akichelewa tena, nafasi yake anapewa mwingine. Kwa umri wake, nafasi nyingine hakuna.

Mama alikwenda kumpigia magoti Fundi Midundo arudishe pengo moja tu.

"Akasema jukwaa, filamu na wimbo vimefungwa pamoja, ukigusa kimoja vyote vinaharibika. Ana adabu, wala hakunifokea. Afadhali angenifokea."

Binti, anayefunga bandeji sakafuni, anadakia: "Mama, basi. Ulinidekeza. Ungeniacha nichelewe tangu mwanzo, goti hili ningelitibu mapema."

Mama Piano analia waziwazi, anapenga kamasi, ananiomba radhi mimi mgeni. Radhi ya nini, mama wa watu? Kisha anaifunika piano, ambayo wiki ijayo inahamishiwa stoo.

Namuuliza ana mpango gani. Anasema Ijumaa atakuja, atakaa benchi la mbele, mikono mapajani. Hana tena cha kupiga.

"Akiruka, nitabana pumzi mpaka atue," anasema. "Ndiko kungoja kulikobaki kwangu."