Waya, Kadibodi na Nyuso za Kwaya

Saa mbili na dakika kumi asubuhi, Jumatatu moja ya miaka ya sitini, Fundi Mkuu alifunga mlango wa chumba cha giza cha studio yetu pale Tawa, nami nikaanza kazi ya kusafisha picha.

Aliwasha mashine ya kukuzia, mwanga ukapita kwenye filamu hadi kwenye karatasi. "Mwanga ukikaa sana mahali, pale panakuwa peusi," alisema. "Watu wetu wanapenda nguo nyeupe za kanisa. Ukifuata nguo, uso unapotea. Ukifuata uso, nguo inabaki kama chokaa."

Akanipa duara la kadibodi lililofungwa kwenye waya. Nililitikisa juu ya uso wa mtu pale kwenye karatasi, kuukinga usiwe mweusi mno, huku nikihesabu sekunde. Kisha nilikunja mkono nikaacha tundu dogo, shati lipate mwanga zaidi na mikunjo yake ionekane.

Miaka ya tisini nilikuwa nikifanya kazi hiyo hiyo katika studio moja ya Kitui mjini. Meneja alinunua kompyuta.

"Mzee, mwisho wa mwezi chumba cha giza kinakuwa stoo."

"Na mimi?"

"Wewe pumzika."

Nilikuwa na mabinti wawili sekondari. Sikuwa tayari kupumzika.

Wiki hiyo kwaya moja ya Nuu, iliyopigwa picha saa sita mchana kwa majoho meupe, ilirudisha nakala zote thelathini. Kiongozi wao, Mama Mbithe, alimkabili Mueni, msichana wa kompyuta. "Mmevalisha makaa majoho! Rudisheni pesa!"

Mueni akaing'arisha picha nzima kwenye kompyuta. Nyuso zikaonekana, majoho yakawa karatasi tupu.

Nilisogea. Pembeni mwa skrini palikuwa na alama ya duara kwenye kijiti, na nyingine ya mkono uliokunjwa.

"Hii ni ya nini?"

"Sijawahi kuigusa, Mzee. Nilidhani ni mwiko wa ugali."

"Ni waya wangu. Waliotengeneza hii programu waliijua kazi ya gizani."

Nilishika kipanya, nikakinga nyuso moja moja. Kwa ule mkono nikarudisha mikunjo ya majoho. Nilimaliza saa kumi jioni.

"Aii! Hata mwanya wangu mmerudisha!" Mama Mbithe alicheka.

Meneja aliinamia skrini. "Mfundishe Mueni," akasema.

Nilimfundisha yeye na wengine hadi nilipostaafu. Vijana hudhani kompyuta ilinifukuza kazini. Ilibadilisha meza tu. Kuamua ni uso upi ukingwe na kwa muda gani kulibaki kwangu. Kwaya ilichukua picha, na studio haikurudisha zile shilingi elfu moja na mia tano walizolipa.