Mawe Saba ya Nador

Siku ya kwanza nilimwita Mwarabu, akanifukuza jikoni kwake. Alikuwa mzee aliyefiwa na mke, akiishi peke yake ghorofa ya tatu mtaa wa Laeken, Brussels, na mimi nilitumwa na ofisi ya kuhudumia wazee nimfagilie, nimpikie, nimkumbushe dawa. Alipopoa akanieleza, kwa Kifaransa chake cha kuokoteza, kwamba yeye ni mtu wa Nador, kaskazini mwa Moroko, na kwao watu ni Waberberi wenye lugha yao, waliyokuwa nayo kabla Mwarabu hajafika. Nikamwambia basi na yeye asiniite Msenegali, mimi ni wa Lubumbashi. Tukawa sawa.

Miaka mitatu nilisikia habari za Nador mpaka zikanichosha. Kwa jinsi alivyousimulia, wala si mji wa kupigiwa kelele: mlima mmoja, bahari iliyojifungia ikatulia, mpaka wa kijimji cha Wahispania hapo jirani, na mitaa ya nyumba za ghorofa zilizojengwa na watu walioko Ulaya, madirisha yamefungwa karibu mwaka mzima. Moja ilikuwa yake. Alichimba mahandaki ya metro, treni ya chini ya ardhi ya Brussels, ili aijenge, na hakuwahi kulala humo zaidi ya wiki nne mfululizo.

Lakini kilichomkosesha raha si nyumba, ni kaburi. Kwenye mteremko juu ya mji, kando ya mama yake, alikuwa amejitengea nafasi na kuizungushia mawe saba aliyoyapaka chokaa kwa mkono wake. Watoto hakuwaambia. Aliona kuwatajia kaburi lake ni kuwaombea msiba. Akaniambia mimi mgeni.

“Nikifa, waambie wanipeleke. Nisiachwe kwenye mvua hii.”

“Ndiyo, papa,” nikasema, kama tunavyowaita wazee kwetu. Niliahidi, sikuwa natania.

Alikufa ghafla mwezi wa pili. Mwanawe na binti yake, watu wazima waliozaliwa hapa, wakabishana jikoni huku mimi naosha vikombe. Kaka alitaka mwili usafirishwe Nador. Dada alikuwa analia.

“Tukimpeleka kule, nitamwona lini?” Kisha akanigeukia. “Wewe ulikuwa naye kila siku. Alisema nini?”

Nausema ukweli hapa kwa sababu siku ile sikuusema. Nilimtazama binti yule nikajiona mwenyewe. Baba yangu alizikwa Lubumbashi nikiwa hapa sina karatasi za ukaazi, mazishi nikayatazama kwenye simu, picha inakatika-katika. Mpaka leo sijagusa udongo wa kaburi lake, na jambo hilo linaniuma hadi nakasirika. Nikasema, “Alitaka abaki karibu nanyi.”

Kaka akakubali. Wakamzika hapa hapa Brussels, makaburini upande wa Waislamu, na mvua ikanyesha tangu mwanzo hadi mwisho.

Kesho yake nilimpitia dada yangu mkubwa mtaa wa Saint-Josse, anakosuka watu nywele. Nikamweleza yote.

“Alors, ule papa alikuambiaka vile kweli?”

“Hapana, yaya,” nikasema; kwetu yaya ni dada mkubwa.

“Donc ulisema bongo juu ya mufu.” Kwetu bongo ni uongo. Yaya akaendelea kusuka. “Bon. Ule mutoto atakuwa anaenda kumuona. Njo vile, acha.”

Nikayashika maneno hayo, kwa kuwa sikuwa na mengine ya kushika.

Binti alikwenda kaburini kweli, Ijumaa tatu au nne. Kisha kazi ikambana, kisha akawa mjamzito. Mimi nimepita pale mara mbili, na magugu niliyang'oa mwenyewe. Mwezi wa nane familia nzima ikapakia gari, mizigo hadi juu ya paa, wakaenda Nador kufungua madirisha ya nyumba yake. Mwenye nyumba akabaki Ubelgiji.

Juzi binti akanitumia picha kutoka huko. Walikuwa wamepanda mteremko kumzuru bibi yao. Kando ya kaburi la bibi kuna nafasi tupu iliyoota nyasi, imezungukwa na mawe saba ambayo chokaa yake imeanza kubanduka. Chini ya picha ameandika: “Hakuna anayejua hapa pamewekewa nani. Baba aliwahi kukuambia chochote?”

 Nikamjibu kwamba sijui.