Edisa, Mlango, na Shule ya Wajerumani

Mke wangu Edisa alikuwa matroni wa bweni la wasichana huko Bwera, miaka ishirini na sita. Alifariki mwaka jana, mwezi wa pili. Naandika habari zake kwa sababu ya shule moja ya Ujerumani ambayo yeye hakupata hata kuisikia.

Mimi ni Ojara. Nilikuwa askari. Shule sikukaa, herufi nilijifunza kambini Kasese, kwa kusoma maandishi ya kwenye masanduku. Mimi ni Mwacholi, Edisa alikuwa Mkonzo. Yeye hakujua lugha yangu, mimi sikujua yake. Tulioana kwa Kiswahili, tukagombana kwa Kiswahili, na kwa Kiswahili alinipa amri hadi siku ya mwisho. Mambo yote ya nyumba aliamua yeye. Mimi nilipiga saluti.

Tulikuwa na binti mmoja. Alikufa akatuachia Gorret, mtoto wa kutambaa. Sasa Gorret ana miaka kumi na sita. Anasoma hapa Kasese na analala kwangu. Bwenini hajawahi kulala. Bibi yake alikataa.

Mwezi wa tano mwalimu wake, Madamu Jamilah, alikuja nyumbani na karatasi. Alikaa kwenye kiti cha Edisa.

"Mzee Ojara, ni habari njema," akasema. "Gorret amechaguliwa. Mwaka mzima Ujerumani, kila kitu juu yao. Ni wewe tu, uweke sahihi."

"Atalala wapi?"

"Bwenini. Ni shule ya bweni."

Nikamwambia aache karatasi, nitafikiri.

Lazima nieleze kwa nini.

Miaka ile waasi walipokuwa milimani, mkuu wa shule ya Edisa aliamuru bweni lifungwe kwa kufuli la nje, wasichana wasitoke. Edisa akachukua ufunguo, akautupa chooni. Mkuu akamfokea mbele ya walimu. Edisa akamwambia, "Mwalimu, ingia chooni uutafute." Hawakumfukuza, kwa sababu nani mwingine angekubali kulala na watoto sitini katika siku zile?

Halafu akaanza kazi yake mwenyewe. Kila msichana mgeni, siku ya kwanza, mchana jua likiwaka, alilazwa kitandani pake na kufungwa macho kwa kitenge. Edisa anapiga makofi. Msichana anaamka, anatafuta mlango kwa mkono na kwa miguu, anahesabu hatua. Akikosea anarudia. Wengine walilia. Wazazi walisema matroni ana wazimu. Lakini kila mmoja alijua hesabu yake: wewe kumi na nne, mkono wa kulia ukutani, wewe tisa, moja kwa moja.

Alfajiri moja milio ya bunduki ilisikika nyuma ya kanisa. Taa haikuwashwa. Wasichana wote walitoka kimya, kila mmoja kwa hesabu yake, wakaingia migombani, mkono kwenye bega la aliye mbele. Edisa alitoka wa mwisho. Hata kiatu hakikupotea. Mimi nilikuwa ng'ambo ya mto na bunduki yangu, sikujua kitu. Aliniambia baada ya wiki mbili, akimenya matoke, kama mtu anayesimulia bei ya chumvi.

Baadaye sana, yeye akiwa ameshastaafu, kulitokea jambo katika shule nyingine, kule mpakani. Sitaliandika. Bwera nzima wanalijua, walizika watoto. Edisa alikaa siku tisa hakupika. Siku ya kumi akasema, "Gorret halali bwenini. Imeisha." Nikapiga saluti.

Sasa yeye hayupo, na karatasi iko mezani.

Jumapili shemeji yangu Zedekia akaja. Ni mdogo wake Edisa, ananunua kahawa Bwera na anaongea kama Wakongo anaofanya nao biashara. Gorret akatusomea kitabu cha ile shule alichopewa na Madamu, kimeandikwa Kiingereza, yeye akigeuza Kiswahili.

"Ilianza mwaka elfu moja mia tano sitini na moja," akasoma. "Ilikuwa nyumba ya watawa. Watawa walipoondoka, mtawala akaitoa iwe shule. Wavulana kumi na wawili. Asubuhi walipewa mkate na bia."

"Bia asubuhi!" Zedekia akaruka. "Shule kama ile, mimi ningemaliza! Mungeniita profesa!"

"Ilikuwa bia nyepesi, Babu Zedekia. Maji yao yalikuwa mabaya."

"Basi mimi pia maji yangu iko mubaya."

Gorret akacheka, akaendelea. Walisoma Kilatini tangu kuamka hadi kulala. Aliyesema Kijerumani, lugha ya mama yake, alivalishwa shingoni kibao chenye picha ya punda, akakaa nacho mpaka amkamate mwenzake akiisema.

Zedekia akajishika shingo. "Mimi nilivaa mufupa wa ng'ombe," akasema. "Juu ya kusema Lhukonzo, luga yetu. Darasa la tatu. Kumbe Wazungu pia beko wenzetu."

"Na sasa wanasoma nini?" nikauliza.

"Kilatini bado, Babu. Na Kigiriki kwa anayetaka. Hesabu, fizikia, historia, Kiingereza. Kuimba kila siku. Wasichana waliingia juzi tu, kuna mabibi bado hai waliokuwa wa kwanza. Mwisho kuna mtihani mmoja mkubwa, unaandika na unasimama mbele ya walimu wanakuuliza."

"Kilatini ni lugha ya nani?"

"Ya watu wa zamani sana. Hakuna anayeizungumza nyumbani tena."

Lugha ya wafu. Hata hivyo nikamwambia, soma.

Akasoma. Vita vilikuja vya miaka thelathini, askari wakachoma paa la shule. Tauni ikaja, wanafunzi wakazikwa bustanini. Paa likajengwa, likachomwa tena. Sauti yake ilikuwa nyepesi, kwake zilikuwa hadithi tu. Mimi nilikuwa naona moto kila ukurasa. Nikavuta kitabu nitazame picha.

Picha ya kwanza: jengo la mawe, madirisha yenye nondo. Ya pili: ukuta ndani ya shule, na jiwe refu lenye majina. Majina mengi, na miaka.

Huku kwetu, majina ya watoto yakiandikwa kwenye ukuta wa shule pamoja na mwaka, kila mtu anajua maana yake. Nikafunga kitabu.

"Haendi," nikasema.

Gorret hakulia. Akainuka, akaingia chumbani. Nikasikia hatua zake: saba, na mlango. Hata nyumbani Edisa alikuwa amemfundisha.

"Afande," Zedekia akasema, "wewe ulivuka Kongo na bunduki, unaogopa picha?"

"Naogopa."

"Basi uliza. Mudomo uko nayo. Dada yangu angeuliza mupaka wamukimbie."

Huo ulikuwa ukweli. Usiku nilikuwa silali, na mchana nilikuwa nazunguka nyumba kama mlinzi. Jumatano nikavaa koti, nikaenda shuleni kwa Madamu Jamilah. Nikamwambia nina maswali mawili, ayapeleke Ujerumani. La kwanza: wale watoto kwenye jiwe walikufa vipi? La pili: mlango wa bweni unafunguliwa na nani?

Madamu akashika paji la uso. "Mzee, shule kubwa kama ile... wataona haya ni maswali gani?"

"Wataona ni maswali ya babu."

Jibu lilichukua siku nane. Nilijua watasema nini: kwamba ni majina ya waliofaulu mtihani, mzee asiwe na wasiwasi. Nilijua nikisikia uongo huo nitakataa, na mtoto atanichukia mpaka nizikwe.

Madamu alisoma barua amesimama. Ilitoka kwa mama anayetunza bweni lile. Alisema majina yale ni wavulana wa shule waliotolewa darasani wakapelekwa vitani, vita viwili. Wa mwisho alikuwa na miaka kumi na sita. Alisema walimu wa wakati ule hawakuwaficha, wengine waliwashangilia, na shule inaona aibu. Kila mwaka, siku moja, wanafunzi wanasoma majina yote kwa sauti, bila muziki.

Kuhusu mlango: hauna ufunguo kwa ndani. Unasukumwa kwa mwili, unafunguka. Mara mbili kwa mwaka wanafanya zoezi la kutoka. Nondo za kwenye picha ni za chumba cha vitabu vya kale. Mwisho aliandika: "Mimi pia hulala bwenini."

Nikamwomba Madamu asome tena hapo mwisho. Akasoma.

Hakunidanganya kuhusu wafu. Basi labda hakunidanganya kuhusu mlango. Sina kitu kingine cha kupimia watu. Niliandika jina langu pole pole, na hofu haikutoka, ilikaa palepale. Nilifikiri Edisa angeweza kunipiga kwa mwiko. Au angeweza kusema, "Umeuliza vizuri." Sikujua ni lipi. Mpaka leo sijui.

Siku ya kuondoka tulipita Bwera kwanza, kaburini. Gorret aling'oa majani kidogo. Nikampa kitenge cha bibi yake, kile chenye ndege, kilichochakaa katikati pale palipofunga macho ya watoto wengi. Akakitia ndani ya begi la mkononi.

Siku ya tatu simu yangu ikalia. Ujumbe wa sauti. Niliiweka mezani, nikaiangalia muda mrefu kabla ya kuibonyeza.

"Babu, nimefika. Nimefunga macho kwa kitenge mchana, kama Bibi. Wenzangu wa chumbani walicheka, mmoja akanishika akifikiri nitaanguka. Hatua kumi na moja hadi ngazi, mkono wa kushoto. Halafu ngazi za mawe, thelathini na mbili. Ya tatu kutoka chini imelika katikati kama bakuli, Babu, kwa miguu ya watu wa miaka yote ile. Mguu wako ukiingia humo, ujue umefika. Nilisukuma mlango kwa bega. Umefunguka."

Nilisikiliza mara nne. Halafu nikaenda uani, nikafumba macho, nikatembea. Kumi na moja. Halafu thelathini na mbili, polepole, nikishusha mguu kama kuna ngazi. Ya thelathini nilisimama, nikautafuta ule mbonyeo kwa kisigino. Niliposimama kulikuwa na udongo mtupu, umekauka. Nikamaliza mbili zilizobaki, nikanyoosha bega, nikasukuma hewa.