Tumbo Nililomsingizia Mama

Jamani, nimejichoka! Mwezi mzima nimefunga choo, sanamaki ya kulainisha choo nimekunywa mpaka basi. Jana naingia kliniki hapa Al Khoudh, daktari ni binti niliyemsomesha kemia mimi mwenyewe. Mtu mzima hovyo, nikaona haya, nikasema anayeumwa ni mama yangu.

“Mama anachoka, mwalimu? Anahisi baridi?”

“Sana!”

“Basi huenda tezi yake ya shingoni imezembea. Ikizembea hiyo, na choo hufunga.”

Akalitazama sweta langu. Nje Maskati inaungua kwa joto.

Mlango ukafunguka. Mama, niliyemwacha garini, akaingia na thamosi.

“Sanamaki yako umeisahau, mwanangu! Ushamwambia kama huendi choo, au unaona haya?”