Shahidi wa Utoto Wake

Siku aliyokata mikono miwili ya kushoto kwa gauni moja, fundi hakulia. Alikaa tu kwenye stuli akavikodolea macho vile vipande viwili vilivyofanana kama mapacha. Kosa hilo kila mshonaji analijua na kulicheka: ukishakata mkono wa kwanza unaigeuza ile karatasi ya kupimia, ndipo unakata wa pili. Yeye alikuwa ameishika karatasi tayari kuigeuza, simu ikaita. Ni mama yake, analalamika kwamba jirani kampita mlangoni bila kumsifia nywele zake mpya. Fundi akambembeleza mpaka akapoa. Aliporudi mezani, akakata.

Wala haikuwa mara ya kwanza. Mwenye karakana, mama wa makamo mwenye roho nzuri lakini asiyetaka mchezo na kitambaa cha mtu, alimwita pembeni.

"Humu ndani hakuna anayekufikia kwa mkasi," alimwambia. "Lakini akili yako inatangatanga. Ukirudia tena nakutoa kwenye kukata, unarudi kwenye vifungo. Nenda hospitali wakuangalie, nakuomba."

Vifungo ndiko alikoanzia akiwa msichana mdogo. Kurudishwa huko mbele ya wale aliowafundisha mwenyewe, bora aambiwe aache kazi.

Jambo lenyewe lilikuwa la siku nyingi. Chai yake ilipoa kila siku ikiwa haijafika nusu ya kikombe. Akienda dukani kununua sabuni, anarudi na mkate, tena anashangaa mkate umetoka wapi. Wenzake walimbatiza "Nusu", naye akacheka pamoja nao, maana jina la utani ukilicheka na wewe linauma kidogo. Mama yake alikuwa na jina lake la kumwita: kichwa maji. Alianza kumwita hivyo kabla meno ya utotoni hayajang'oka, mbele za wageni, huku anatabasamu.

Na huyo mama, tusimsingizie. Alikuwa mzuri, mcheshi, akiingia mahali watu wanasogeza viti. Mtaani walimwita Mama Madaha naye akalipokea jina hilo kama tuzo. Tabu ni kwamba nyumba yake ilikuwa na nafasi ya mtu mmoja tu, na huyo mtu alikuwa yeye. Mtoto akifaulu, ni akili za mama. Mtoto akiugua, kamharibia mama safari. Mtoto akinyamaza, kamnunia mama. Basi binti alifanyia hesabu zake za shule jikoni, jicho moja kwenye daftari na masikio yote mawili sebuleni, asikie mama kaamkaje: leo ni wa kusifiwa, wa kubembelezwa, au wa kukimbiwa? Akikosea kubashiri, atanuniwa wiki nzima. Hesabu zilisubiri.

Hospitalini alimkuta daktari mwanamke, kijana, asiye na haraka. Daktari alimsikiliza, akamuuliza hili na lile, kisha akamwambia kwamba dalili zake zinafanana na tatizo la umakini, lile ambalo huanza utotoni.

"Mara nyingi ni la kurithi," alisema. "Ila wapo wataalamu wanaojiuliza kama mtoto wa mzazi anayejipenda kupita kiasi, aliyekua akichunga hasira za mzazi wake kutwa kucha, hulemewa zaidi. Mimi siwezi kukukatia kwamba hiki kimetoka kwenye damu na hiki kimetoka sebuleni. Lakini kabla sijakuanzishia matibabu, nahitaji mtu aliyekuona ulipokuwa mdogo. Mama yupo?"

Mama alipopigiwa simu alikubali kabla sentensi haijaisha. Kuulizwa maswali na daktari! Alikuja amevaa gauni la zambarau, kajipulizia manukato ya kutosha watu kumi, akakalia kiti cha mgonjwa.

"Mama," daktari alianza, "mwanao alipokuwa na miaka saba, minane hivi, alikuwa mtoto wa namna gani?"

"Miaka hiyo! Daktari, ungeniona wewe. Kiuno changu kilikuwa hivi."

"Shuleni je, alikuwa anatulia?"

"Walimu walinipenda wote. Mwalimu mkuu akiniona, anasimama."

"Alikuwa anapoteza vitu?"

"Alipoteza hereni yangu ya dhahabu. Nililia mimi, usiniulize."

"Alikuwa anapenda kucheza nini?"

Mama alimgeukia binti yake, akamtazama kama mtu anayejaribu kukumbuka jina la mtu waliyekutana naye msibani.

"Alikuwa mtoto wa kawaida tu," alisema mwishowe. "Mimi ndiye niliyepata tabu."

Fundi alikuwa amejiandaa kutukanwa. Kichwa maji angelivumilia, angalau lingekuwa ushahidi. Hakujiandaa kugundua kwamba mama yake hakuwa na kumbukumbu hata moja yenye yeye ndani yake.

"Na wewe mwenyewe?" daktari akamuuliza kwa upole. "Unajikumbukaje?"

"Mama alikuwa," akaanza, akasita. Akajaribu tena. "Asubuhi, mama akiamka..."

Angeweza kueleza kila gauni, kila manukato, jinsi mdomo wa mama ulivyojikunja kabla hasira haijafika. Mtu aliyeambiwa maisha yake yote kwamba hana umakini, alikuwa amemsoma binadamu mmoja herufi kwa herufi. Kuhusu yule msichana wa jikoni hakuwa na la kusema. Wote wawili, mama na mwana, miaka yote walikuwa wanamtazama mtu yuleyule.

"Hakuna mwingine?" daktari aliuliza.

"Mama mdogo. Tuliishi naye."

Walimpigia, simu ikawekwa mezani, sauti wazi.

"Huyo? Namkumbuka kama jana!" mama mdogo aliangua kicheko. "Umtume chumvi, anarudi mikono mitupu, kakuta sisimizi njiani kachuchumaa nao. Kiatu kimoja mguuni, cha pili hajui kiko wapi. Halafu ana wanasesere wake wa matambara, kila mmoja kamshonea..."

"Na mimi je?" mama alidakia. "Mwambie daktari nilivyoteseka peke yangu!"

Maneno ya kubembeleza yalishamfika fundi ulimini, yamejipanga kama siku zote.

"Mama, ngoja kwanza," alisema. "Hapa nazungumziwa mimi."

Mama alichukua mkoba wake, akasimama. "Haya. Mimi si mtu tena." Akatoka, mlango akauacha wazi.

Masikio ya fundi yalitoka naye. Analia? Kakaa kwenye benchi? Hii ni hasira ya leo au ya mwezi mzima? Mezani mama mdogo alikuwa anaendelea kusimulia, na maneno yanapita tu. Fundi alishtuka kujikuta ameshanyanyuka kitini.

Akaufunga mlango. Akakaa, akausogeza uso wake kwenye simu.

"Mama mdogo, samahani," alisema. "Rudia hapo kwenye wanasesere. Sikusikia."